Molasi Niliyomwaga Kwenye Tuta la Jaja Mwajuma

Nakumbuka asubuhi moja kule Mbale, mwanangu, bibi wa watu alipoonja udongo kwa sababu yangu. Imenijia jana nilipokuona unashusha kwenye boda jerikeni mbili za molasi, ukaniambia umeona kwenye simu kwamba sukari inalisha udongo. Inalisha, wala sikatai. Lakini kaa hapa kwanza, jerikeni hazina miguu, hazitakimbia.

Wakati ule nilikuwa kijana wa mtaa wa Walukuba, nafanya kazi kiwandani hapa Jinja, shati limepigwa pasi, maneno mengi mdomoni. Nilimpenda msichana wa Mbale anaitwa Zaina. Wazazi wake walikwishafariki, na aliyemlea ni bibi yake, Jaja Mwajuma, mwanamke mfupi aliyeuza mboga sokoni na kusikilizwa na mtaa mzima. Bila neno lake hakukuwa na ndoa.

Nilipokwenda kujitambulisha, hakuniuliza kabila wala kazi. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha tuta moja la sukuma wiki.

"Hii tuta ni yako," akasema. "Kila Jumamosi unakuja kuangalia. Ikikubali, tutaongea."

Basi nikawa nakwenda. Siku moja nikamwona anachukua kijiko kimoja cha molasi, ile shira nyeusi inayobaki miwa ikishatolewa sukari, anaikoroga kwenye ndoo ya maji, ananyunyizia samadi yake. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni chakula cha wadudu wa udongo, wadogo mno, macho hayawaoni, na wao ndio wanaopika chakula cha mboga. Kijiko kimoja, mwanangu! Nikacheka moyoni. Nikajiambia huyu bibi ni bahili, mimi nitamwonyesha vijana wa Jinja wanavyolisha.

Jumamosi iliyofuata nikabeba jerikeni nzima, nimeinunua kwa muuza chakula cha ng'ombe. Jaja alikuwa kwenye msiba mtaa wa pili. Nikaimwaga yote kwenye mashina, bila tone la maji, mpaka tuta likang'aa. Nikasimama nimeshika kiuno, najiona mkulima kamili. Kisha nikaenda kulala kwa rafiki yangu.

Asubuhi narudi, nakuta sisimizi wamejipanga kutoka uani mpaka barabarani. Nyuki wamejaa. Mbuzi wa jirani amekata kamba na analamba tuta langu kwa raha zake, na akifukuzwa anarudi. Zaina alicheka mpaka akaketi chini. Halafu akaniambia polepole, "Sasa utamwambia nini Jaja?" Hapo nikaogopa kweli.

Jaja akatoka. Akaangalia sisimizi, akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Bwana wa Jinja, kumetokea nini hapa?"

"Sijui, Jaja. Labda ni ugonjwa wa mbegu."

Nilisema hivyo bila aibu. Yeye akainama, akachota udongo kwa ncha ya kidole, akauweka mdomoni. Akatafuna. Akatema.

"Hii ugonjwa iko na sukari kuliko chai ya maulidi," akasema.

Zaina alijifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze, ila hata ardhi yenyewe ilikuwa imeshiba.

Jaja hakupiga kelele. Akanikalisha kwenye kigoda akaniambia: "Sikia, kijana. Hawa wadudu ukiwapa sukari kidogo pamoja na samadi, wanafanya kazi. Ukiwapa sukari tupu, wanazaana wengi sana, halafu wanatafuta kitu ya kula nayo. Wanakula chakula ya sukuma yako. Utaona majani yatakuwa manjano. Lakini kosa ya molasi ni ndogo. Kubwa ni ile uongo yako."

Na kweli, wiki mbili tu majani yakawa manjano. Miaka mingi baadaye bwana shamba mmoja alinieleza kwamba vijidudu hivyo hunyakua naitrojeni ya udongo, kisha vikifa hapo hapo huirudisha. Jaja hakulijua jina la naitrojeni, lakini mwenendo wake aliujua vizuri.

Nilimwomba msamaha mbele ya Zaina. Nikaambiwa nimwagilie maji ya kutosha, nichanganye mavi ya kuku na majani mabichi ya maharagwe, kisha ningoje. Kungoja ndiko kulikoniua! Wanawake wa sokoni walinipa jina, Bwana Sukari, na kila Jumamosi nikishuka kwenye gari wananiita, "Bwana Sukari, leo umeleta maandazi?" Rafiki zangu kiwandani walinishauri niache, wasichana wako wengi hata hapa Masese. Mara mbili nilikaribia kuacha. Nilikuwa naona haya kulikabili lile tuta la manjano.

Lakini nilikwenda. Jumamosi moja nikakuta majani mapya yametoka katikati, ya kijani kibichi. Nilipiga ukelele, majirani wakadhani nimeumwa na nyoka!

Jaja aliyapika siku hiyo hiyo, kwa karanga, akaniwekea sahani kubwa. Nikamwambia, "Jaja, sasa imekubali."

"Mboga niko nayo mingi," akajibu. "Nilitaka kuona kama utarudi. Waambie wazee wako waje."

Huyo Zaina, mwanangu, ndiye mke wangu, mnayemwita Mama Hadija. Mpaka leo akikosana nami ananiita Bwana Sukari.

Kwa hiyo nisikilize. Molasi yako weka ndani. Kijiko kimoja, ndoo moja ya maji, na samadi iliyooza vizuri, halafu uwaachie wadudu kazi yao. Ukipendacho usikikimbilie, usikimwagie kila ulicho nacho kwa siku moja. Kipe kidogo, mara kwa mara, pamoja na chakula chake kingine. Na ukiharibu, maana utaharibu, sema ni wewe, kisha urudi Jumamosi inayofuata hata kama watu wanacheka.

Mwenyezi Mungu akubarikie shamba lako, akupe mkono wenye kiasi, na miguu isiyoona haya kurudi.