Pancras Anakwenda Kuzamia

Pancras wa Kirushya alichimba visima tangu ujana wake, na hakuwahi kushuka hata kimoja bila mtu juu. Ndivyo kazi ilivyofanywa kabla ya magari ya kutoboa ardhi kuja na kelele zake. Mchimbaji alishuka, mshika kamba akabaki mdomoni mwa kisima. Ukivuta mara moja, anakushushia ndoo. Ukivuta mara mbili, anakupandisha. Mshika kamba hakuondoka kwenda kunywa, wala kusalimia mgeni, hata mvua inyeshe. Wa Pancras alikuwa mkewe, Melania.

Melania alifariki Kwaresima iliyopita. Zamani majirani wangelala pale kwa zamu, mpaka mfiwa azoee kuamka peke yake. Safari hii walikula wali, wakapiga picha kaburini, na jioni ua ulikuwa mtupu. Alibaki mbwa, naye kwa ajili ya mifupa. Pancras akaanza kuongea na ndoo.

Siku moja, akiwa kwa kinyozi mjini Biharamulo, aliona kwenye televisheni watu wakielea chini ya bahari huko Mafia, mitungi ya hewa mgongoni. Wenzake walitazama samaki. Yeye alitazama mikono. Kila mtu alikuwa na mwenzake, na kila mara waligeukiana, mmoja anauliza kwa vidole, mwingine anajibu. Alimsihi kinyozi mpaka akamtafutia namba ya simu.

"Shikamoo babu," alisema mwalimu wa kuzamia, sauti ya binti wa pwani.

"Marahaba. Mimi sina mtu wa kuja naye."

"Wengi huja peke yao. Ila majini haendi mtu peke yake, babu. Tutakupa mwenzi."

"Na huyo mwenzi akichoka?"

"Mnapanda wote. Ndiyo sheria."

"Hawezi kuniacha nikiwa bado chini?"

Binti akacheka kidogo. "Akikuacha, hazamii tena kwangu."

Pancras aliweka simu chini, akalia kuliko alivyolia msibani.

Aliuza mbuzi wake wote. Daktari alimpima mapafu na masikio, akasema vumbi la visima halikumdhuru. Tiketi ya basi aliikata mapema. Kosa lake lilikuwa kuaga. Siku hizi watu huondoka kama wezi, lakini yeye alilelewa kuaga, na Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, alisimama.

"Jamani, kesho naondoka. Nakwenda kuzamia."

Wengi pale walijifunza Kiswahili shuleni na sokoni, na sokoni hakuna anayeuza neno hilo. Walisikia kuzama.

"Kuzama wapi, shemeji?" aliuliza Niyonkuru, mama aliyekuwa mwenyekiti wao.

"Baharini. Mbuzi nimeshauza."

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu. Mwenzangu yuko kule kule, ananisubiri."

Mwenzake pekee waliyemjua alikuwa Melania. Wanawake wakashika vichwa.

Jumatatu alfajiri Pancras alifungua mlango akakuta ua umejaa. Niyonkuru aliuchukua mfuko wake wa safari, akaukalia.

"Hatukuachi, shemeji."

"Gari la Ngara mjini linapita sasa hivi. Nikilikosa, na basi silipati."

"Lipite."

"Niyonkuru, hii ni likizo. Wazungu huilipia."

"Wazungu wana yao."

"Kama ni maji tu, si uende mto Ruvubu?" alisema mmoja nyuma. "Nauli ungetununulia pombe."

Wachache walicheka. Pancras aliwaeleza habari za mitungi, miwani, na yule mwenzi asiyeruhusiwa kukuacha. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia. Ni majonzi, walinong'onezana, yamempanda kichwani.

Honi ililia barabarani. Ikalia tena. Kisha gari likapandisha kilima, likaenda zake.

Niyonkuru akainuka, akajikung'uta sketi. "Tumshukuru Mungu. Tumeokoa mtu." Wakasali Baba Yetu. Mmoja alikuwa na maharage ya kupalilia, mwingine gulio. Kabla umande haujakauka, ua ulikuwa mtupu tena.

Pancras alipiga simu Mafia.

"Siji, binti. Wamenizuia."

"Pole, babu. Na mwenzi wako nilishampata. Mzee kama wewe, naye anakuja peke yake."

"Mwambie," alisema Pancras, kisha akakata simu.

Akaitoa kamba ya visima msumarini. Ncha moja aliiweka chini jikoni, pale Melania alipokuwa akikaa, na nyingine akaishika, akatembea nayo hadi migombani, mpaka ikanyooka. Akavuta mara mbili.

Kamba ikaja yote mikononi mwake.