Kiatu Kilichomkataa Papa Musafiri

Wenzangu, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya huku milimani Masisi. Juzi tuliletewa kartoni ya msaada, na ndani yake mlikuwa na jozi ya viatu virefu vya plastiki ngumu, vyenye vifungo vya chuma. Nilivigeuza huku na huku, sikuelewa. Kiatu gani hakikunjiki kwenye kifundo? Nikaamua kwamba ni cha kutuliza mguu ulioteguka.

Papa Musafiri, mfugaji wa ng'ombe, akaingia siku hiyohiyo akichechemea. Nikamvika.

"Docta, hii kiatu iko naniuma!"

"Vumilia, Papa. Njo dawa inaanza kufanya kazi."

Nikalegeza vifungo, bado kilimbana. Nikaongeza pamba kisiginoni, akalia zaidi. Nikachomoa hata kiatu laini kilichokuwa ndani yake, mguu ukapwaya na plastiki ikamchubua. Nilichanganyikiwa kabisa, lakini nikamwamuru atembee. Akatembea kama mtu aliyekanyaga ndoo.

Mara akaingia daktari mkaguzi kutoka mjini. Akakodolea macho ule mguu.

"Kaka, nani amemuvalisha Papa hivi? Hii iko kiatu ya Wazungu ya kutelezea kwa theluji!"

Wagonjwa wote wakaangua kicheko, isipokuwa Papa Musafiri. Alinigeukia mimi.

"Docta, mimi niliteleza mu matope, njo maana niko hapa. Na wewe unanivalisha kiatu ya kuteleza tena?"