Vitabu Nilivyovisifia Bila Kuvisoma

Mie ni mkutubi. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda nasoma. Wapi! Nashinda nagonga mihuri, nabandika namba kwenye migongo ya vitabu na kuwaamsha wanafunzi wa sekondari wanaolalia meza.

Kazi yetu ina ugonjwa wake. Kitabu kipya kikifika unasoma jalada la nyuma, unaonja ukurasa wa kwanza, basi, umeshajua kinakaa rafu gani. Ukifanya hivyo miaka mingi unaanza kuamini kwa dhati kwamba umevisoma. Mie nimeshabishana na watu kuhusu riwaya ambazo sikuvuka ukurasa wa tatu, na nikashinda.

Basi Desemba iliyopita mkuu wetu akaja na wazo: kila mfanyakazi abandike ubaoni vitabu vitano alivyovipenda zaidi mwaka ule, na maneno machache ya kumvuta msomaji. Wenzangu walinung'unika. Mie nilichukua kalamu nene nikajimwaga. Cha tatu kilikuwa riwaya ya fundi cherehani anayemtafuta mdogo wake aliyepotea. Nikaandika: "Nimekisoma mara mbili. Mwisho wake ulinitoa machozi." Mara mbili! Hata shetani angenishauri nipunguze.

Aliyesimama kuisoma orodha yangu ni mwalimu mstaafu, mama wa Mwananyamala ambaye hakosi Ijumaa. Uso wake ulikuwa karibu kugusa karatasi. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba jicho moja limeshazima, na la pili litapasuliwa baada ya wiki tatu, ila daktari amemwambia asitegemee sana.

"Nina nafasi ya kitabu kimoja tu, mwanangu," akasema. "Nataka kizuri. Hiki ulichokisoma mara mbili kitanifaa."

Mtu mwenye akili angesema ukweli palepale. Mie nilikitoa rafuni, nikakigonga muhuri, nikamtakia usomaji mwema. Tena kwa tabasamu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya upasuaji alirudi, akaketi mbele ya meza yangu, akakifungua kile kitabu kurasa za nyuma. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Kuna msomaji alizichana, na kitabu kiliporudishwa aliyetakiwa kukagua ni mie, na sikukagua.

"Nimesoma kwa lenzi, kurasa chache kila siku, kichwa kinaniuma," akasema. "Nimefika fundi amesimama mlangoni anapiga hodi. Haya, niambie wewe. Anamkuta mdogo wake?"

Wallahi nilikuwa tayari kutunga. "Anamkuta, mwalimu," nikaanza.

"Yuko hai?"

Aliinama mbele, mikono ameikutanisha juu ya meza, akisubiri kinywa changu. Uongo ukanigoma.

"Mwalimu, nisamehe. Sijakisoma."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Nilitamani anigombeze kama mtoto wa darasa la tatu, yaishe. Badala yake akauliza taratibu, "Sasa kipi umekisoma mwaka huu mpaka mwisho?"

Jamani, ilibidi nifikiri. Kilikuwa kimoja tu. Kitabu cha chekechea, habari za mbuzi anayekataa kuoga, kurasa kumi na mbili, nilikisoma nikisubiri gundi ikauke kwenye mgongo wake.

"Kilete," akasema.

Herufi zake zilikuwa kubwa, hakuhitaji lenzi. Alikisoma kwa sauti palepale, neno kwa neno, na mbuzi alipompindulia bibi ndoo ya maji akacheka. Alipomaliza alikifunga, akakilaza juu ya ile riwaya. "Angalau hiki kina mwisho," akasema, akaaga.

Macho hayakurudi. Binti yake alipokuja kunipa habari nilijifungia stoo, nikalia kweli, safari hii bila kitabu.

Sasa kila Jumamosi natoka kwangu Goba naenda kumsomea. Nakala nzima ya riwaya ile niliihangaikia mpaka nikaipata kwa muuza vitabu vya mitumba Ukonga, na tulianzia pale mlangoni. Mdogo mtu yuko hai, ila hataki kurudi nyumbani. Mwalimu alisema alishahisi. Tangu hapo tumemaliza vingine vitatu, na navipenda vyote, maana navijua. Nikijaribu kuruka aya ananigusa mkono, "Rudi nyuma," nami narudi.

Lakini kitabu cha mwisho alichokisoma kwa macho yake mwenyewe, mwanamke aliyefundisha watoto kusoma maisha yake yote, ni cha mbuzi anayekataa kuoga. Wageni wakija huwahadithia huku akicheka mpaka anakohoa, nao wanacheka. Mie bado sijaweza.