Mtani Aliyenipima kwa Futi Yangu

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni fundi seremala wa Ipuli, hapa Tabora, na leo nasimulia habari za choo. Anayeona kinyaa azibe pua, lakini asiondoke.

Nilikuwa na nguvu zangu. Ubao wa mninga nabeba begani peke yangu. Kisha nikaanza kuona damu chooni. Nikasema ni bawasiri, nikanywa mizizi michungu miezi minane. Choo kikawa chembamba, tumbo likawa linasokota, suruali zikanipwaya. Mke wangu akiuliza, namjibu, "Kazi tu hizi." Niliona aibu, jamani! Mtu mzima nimweleze nani habari za makalio yangu?

Aliyenivua aibu ni Mama Tunu, jirani yangu Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo hadi pwani, na mtani hakatazwi neno. Asubuhi moja akaingia karakana, akachukua futi yangu, akanipima utosini hadi kisiginoni.

"Naagiza jeneza," akasema.

"La nani?"

"Lako, Mnyamwezi! Tena jembamba, maana umekwisha. Au sema unaficha nini."

Nikacheka, halafu nikalia. Nikamwambia yote. Siku hiyo hiyo yeye na mke wangu wakanifikisha hospitali.

Kamera waliyoniingiza kwa nyuma ikaona uvimbe kwenye utumbo mpana. Saratani. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akanieleza taratibu. Tumboni tunaishi na bakteria, wengi wao wema. Wabaya wakizidi, sumu yao hugusa vinasaba, yaani maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Agizo la "acha kukua" hunyamazishwa, la "kua" huamshwa. Uvimbe ukishaota, nao huwapa wabaya hao makao.

"Kwa hiyo nimerogwa na vijidudu?"

Akacheka. "Hapana, mzee. Wanachangia tu. Kuna umri, chakula, na damu ya ukoo. Ndugu zako nao wapimwe."

Nikapelekwa Mwanza, nikakatwa kipande cha utumbo. Baada ya hapo kila asubuhi nesi ananiuliza, "Mzee, umejamba?" Maana upepo ukitoka, utumbo umeamka. Siku ya nne nikajamba. Alhamdulillahi! Wodi nzima ikapiga makofi. Hata siku ya harusi yangu sikushangiliwa hivyo. Zikafuata dripu za dawa, kutapika, vidole kufa ganzi. Yakapita. Sasa napiga randa na kula ninavyotaka.

Niliporudi kutoka Mwanza nilikwenda kijijini Ntalikwa kwa mdogo wangu, mkulima. Nikamsimulia kama ninavyowasimulia ninyi, mpaka hilo la kujamba. Hakucheka.

"Kaka, nami natoka damu tangu mavuno."

Kesho yake tulikaa benchi moja hospitalini. Utumboni mwake kilionekana kinyama kidogo, hakijawa saratani, kikatolewa kwa kamera ile ile. Tulirudi tunaimba kama walevi!

Namshukuru Mungu, na mtani wangu asiye na haya. Ndugu zangu, tazameni choo kabla ya kumwaga maji. Usiseme bawasiri mpaka daktari aseme. Na ukipona, simulia. Huenda nyumbani kwenu yupo mwingine anayefua nguo zake zenye damu kwa siri, anangoja mtu aanze.