Keki ya Kopo la Mama Mkwe

Aibu hii nimekaa nayo tangu kipaimara cha shemeji yangu kule Kibosho, leo naitoa. Mimi ni mtu wa Singida, na nilitaka wakwe wajue kijana wao ameoa mpishi. Jirani yangu wa Moshi mjini aliniambia kastadi, ule unga wa njano wa dukani, inalainisha keki. Kastadi yenyewe sikuwahi kuiona, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuingia madukani. Kabatini kwa mama mkwe nikakuta kopo lake. Sikumwuliza mtu. Unga wa ndani ulikuwa wa kahawia, nikajiambia utakuwa wa njano ukipata moto.

Haukuwa. Keki iliiva laini kweli, lakini wageni walitafuna kidogo, kisha wakaomba maji. Nikaonja: chungu kama dawa. Sukari nilitia, mayai yalikuwa mazima. Sikuelewa kitu.

Wazee tu, wanywaji wa mbege, ile pombe ya ndizi ya kwao, ndio walioomba kipande cha pili. Baba mkwe alitafuna taratibu, akamgeukia mkewe.

"Mama Aloisi, yale magome ya msesewe uliyosaga ya kutilia mbege, umeyaweka wapi?"

"Kwenye lile kopo tupu la kastadi," akajibu mama mkwe, kisha akanitazama mimi na kisu changu cha keki.