Turubai la Jirani

Mtaani walimwita Bi Peupe, na hakuna aliyekusudia kumsifu. Kila mteja aliyepanda ngazi hadi chumbani kwake, juu ya duka la fundi cherehani, alikuja na ombi lilelile: pale palipobaki peupe pajazwe.

"Mbona nusu ya bango umeilaza tupu?" fundi viatu mmoja aliwahi kumuuliza.

"Nimeinyamazisha, ili nusu nyingine isikike."

Fundi viatu alishuka akitikisa kichwa. Bango akalitundika hata hivyo, na watu wakaanza kuliona duka lililokuwa palepale tangu wazaliwe.

Kazi ya Bi Peupe ilikuwa kusanifu nembo, mabango na karatasi za kufungia bidhaa. Nyumbani kwao iliitwa kuchorachora. Aliifanyia mbele ya dirisha moja, na chini ya dirisha hilo jirani yake, muuza mbao, alikuwa ametandaza turubai la kijani kutoka ukuta hadi ukuta juu ya ua wake. Jua lilipita humo likachujwa, likaingia chumbani taratibu kama linaomba ruhusa. Asubuhi kijani kilitambaa ukutani. Adhuhuri kilimlalia mikononi. Hata mvuke wa chai ulipanda una rangi ya majani machanga. Kukaa mle kulikuwa kama kuishi ndani ya jani, na mara nyingi Bi Peupe alisahau kwamba kuna nje.

Katika mwanga huo alichanganya rangi zake kwa mkono, kwenye visahani, kabla hajaigusa kompyuta. Chuoni alifundishwa kwamba rangi huchaguliwa kwenye mwanga mweupe. Alifundishwa pia kukaa wima kitini. Alikuwa na maarifa mengi ya aina hiyo.

Basi dada yake mkubwa, mpika sabuni, akapata bahati. Mwenye duka kubwa la barabarani alikubali kuitazama sabuni yake Alhamisi. Ikimpendeza, angeipa rafu. Isipompendeza, dada angezima jiko, auze masufuria, arudi kufulia watu nguo kwa sabuni za wengine.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa ameshatengeneza karatasi ya kufungia, yeye mwenyewe, kwa simu.

"Nimekupunguzia kazi, shemeji," alisema akiikunjua. Palikuwa na maporomoko ya maji, mtoto mchanga anacheka, mawaridi matatu, njiwa, na namba ya simu mara mbili, ya pili kwa ajili ya wasioiona ya kwanza.

"Na njiwa?"

"Njiwa ni usafi."

"Mimi nilidhani anatafuta pa kutua."

Dada akacheka, kisha akakumbuka kwamba huyu ni mumewe, akaacha.

Bi Peupe alikuwa na jaribio lake. Aliibandika karatasi kwenye mlango wa fundi cherehani, akawavusha wote wawili ng'ambo ya barabara, akawaambia wafumbe macho nusu. "Haya, mnaona nini?"

"Usafi," alisema shemeji.

"Kitanda hakijatandikwa," alisema dada. Akashusha pumzi. "Fanya wewe, mdogo wangu. Lakini usinilazie karatasi. Hii ikikataliwa, sina nyingine."

Bi Peupe akailaza karibu yote. Dada alikuwa na mazoea ya kubonyeza kila kipande kwa dole gumba kujua kama kimekauka, na kwenye kila sabuni kibonyeo kidogo kilibaki. Akakichora hicho tu, katikati, na jina chini yake. Kilichosalia kilikuwa weupe wa povu, weupe alioutafuta siku kadhaa, akionja na kutema kama mpishi, mpaka ukatulia.

Jumatano muuza mbao akahamisha biashara yake, pamoja na turubai. Bi Peupe aliamka akakuta chumba kimejaa mwanga usio na adabu. Akaitazama sampuli mezani. Ilikuwa na wekundu kidogo, kama shavu la mtu aliyesifiwa hadharani.

Akaelewa polepole. Kwenye ule ukijani, weupe wa kweli ulikuwa ukionekana mgonjwa, naye kila mara aliupa tone la wekundu kuuponya. Kila mara, kwa miaka. Akatoka, akatembea mjini kama anayeota. Kibao alichochorea duka la dawa kilikuwa kimeona haya. Kibao cha mwoka mikate, vilevile. Lango la shule ya chekechea, vilevile. Nusu ya mji ilikuwa na haya mashavuni, na watu walipita chini yake kwa amani, wakinunua mikate.

Akarudi, akachanganya weupe wa kweli ngazini, juani. Kesho yake alimweleza dada kila kitu, na wote watatu wakaenda dukani na sabuni zenye karatasi za aina tatu: ya wekundu, nyeupe ya kweli, na ya njiwa, kwa sababu shemeji hakukubali njiwa aachwe nyumbani.

Mwenye duka alizipanga kwenye rafu katikati ya sabuni nyingine. Bi Peupe akamwomba asimame mlangoni afumbe macho nusu. Akatii, labda kwa kuwa kwa siku nyingi hakuna aliyemwomba kitu zaidi ya kupunguza bei. Ile ya njiwa ilizama kwenye maua ya wenzake. Ile nyeupe kabisa ikayeyuka kati ya nyeupe nyingine.

"Ile pale," mwenye duka alisema. "Ya kidole. Ile kama imetoka kuoga sasa hivi."

"Hiyo ina kosa la rangi," alisema Bi Peupe. Dada akamkanyaga mguu.

"Basi kosa hilo mlirudie kwenye katoni zote."

Jioni hiyo Bi Peupe alimfuata muuza mbao na kumwomba turubai.

"Lina matundu, dada yangu."

"Nayajua. Moja liko juu ya kikombe changu."

Alilitundika nusu ya dirisha. Siku hizi meza yake ina pande mbili, ya kijani na ya mwanga usio na adabu, na kila kisahani cha rangi huhamishwa huku na huku mpaka pande zote mbili ziridhike. Huchukua muda. Wateja hungoja kwenye kochi, hunyamaza wenyewe, na wengine husinzia.

Shemeji naye huonekana ng'ambo ya barabara, amefumba macho nusu, akikagua mabango ya watu.