Mashimo ya Ndugu Wawili

Ndugu akitumikia adhabu ya ndugu yake, ni nani kati yao anayerekebika? Swali hilo niliulizwa kwa mzaha, kando ya shimo la nguzo, katika shule ya kutwa iliyo kwenye barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Kisaju. Umri wangu umesogea na jibu sijalipata. Ninachoweza kueleza ni kile nilichofanya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwaka wa ukame. Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mpangaji wa vyumba viwili kule Noonkopir, binti wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kajiado kutoka magharibi na asirudi tena. Kifungo cha nje kilikuwa jambo geni kwetu. Badala ya kumtia mtu gerezani, mahakama ilimpa siku kadhaa za kufanya kazi ya umma bila malipo, huku akilala kwake. Shule yetu haikuwa na ua. Mahakama ikatuletea mwizi wa seng'enge.

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Madam, fisi ameletwa achunge mbuzi!"

Mimi sikucheka, na si kwa sababu ya wema. Nilikuwa na hasira. Katika miaka ya tisini mtu huyo alikuwa amefungwa mara mbili, zote kwa sababu ya waya. Mara ya kwanza aliiba roli moja ya seng'enge, peke yake, akaibeba begani. Alipotoka gerezani alikuwa na marafiki wenye gari, na mara ya pili waling'oa ua mzima wa shamba la mtu. Sisi raia ndio tuliogharamia masomo hayo, na bado wengi wetu walitaka arudishwe darasani. Nikasema nitamsimamia mimi. Kila jioni nilitia sahihi katika daftari la mahakama kuthibitisha kwamba amefanya kazi.

Udongo mweusi wa huku wakati wa kiangazi huwa mgumu kama saruji, na nyufa zake zinaweza kumeza kiatu. Aliupiga kwa mtaimbo kuanzia asubuhi, amevaa kofia nyekundu ya sufu na koti refu la kijani. Nilipomsalimu kwa Kimaasai, "Sopa," aliitikia "Epa" huku akitazama viatu vyangu. Katika majuma mawili hakunitazama machoni hata mara moja. Wanafunzi walimwita fundi, naye aliposikia neno hilo aliinama zaidi.

Juma la tatu, Jumatatu na Jumanne, niliiona kofia ileile na koti lilelile kutoka barazani, nikatia sahihi. Jumatano nikampelekea chai. Akainua uso, akanitazama moja kwa moja, akatabasamu.

"Asante sana, mwalimu."

Nilisimama na kikombe mkononi. "Wewe si yule."

"Ni sisi," akasema bila wasiwasi.

"Nyinyi akina nani?"

"Yule ni ndugu yangu. Mama mmoja, baba mmoja. Amepeleka ng'ombe upande wa Ngong kutafuta nyasi. Yeye ndiye anajua hiyo njia. Mimi zingenifia huko. Basi nikamwambia, leta koti."

"Lakini adhabu ni yake!"

"Mwalimu, kwani shimo inajua nani ameichimba?"

Nikamwambia kwamba mahakama inajua. Akaegemea mtaimbo na kunieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kwao, mtu akiua, ng'ombe wa fidia hutoka katika maboma ya ukoo wote, na hakuna anayeuliza huyu ni wa nani. Kosa la mmoja ni la nyumba nzima. Sasa serikali inataka mashimo, na nyumba imeleta mikono. Kuna ubaya gani?

"Lakini niambie kitu moja, mwalimu," akaongeza, akianza kucheka. "Nikimaliza hizi shimo zote, nani atakuwa ameacha kuiba? Maana mimi sijawahi iba hata sindano."

Jioni ile nilitia sahihi nikijua. Nilijiambia kwamba ni busara: nikimripoti, atafungwa mara ya tatu, na ng'ombe wako njiani. Haikuwa busara. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya wale waliotaka arudishwe gerezani.

Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu alipita kukagua mashimo, na yule ndugu akajitambulisha kwake kwa fahari, akampa na mkono. Dakika chache baadaye niliitwa ofisini. Kesi ilikuwa itajwe Kajiado siku iliyofuata, na ripoti yangu ilitakiwa huko.

"Andika ametoroka kazi," akasema. "Ukiandika hivyo, wewe ni msafi."

"Hakutoroka. Aliacha mtu."

"Aliacha mtu! Madam, hii ni mahakama, si kamati ya harusi." Akafunga mlango, akashusha sauti. "Ama basi nyamaza. Kofia ni moja. Nani atajua?"

Nilikataa yote mawili, na hata leo ningekataa. La kwanza lilikuwa uongo dhidi yake. La pili lingemthibitishia somo ambalo mtu huyo alikuwa amelishika vizuri kuliko yote, kwamba kosa ni kukamatwa tu. Sikuwa nimempigania mwizi ili nimfundishe kuiba siku za adhabu.

Alasiri akarudi mwenye adhabu mwenyewe, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Ng'ombe wote walikuwa wamefika, akasema, isipokuwa ndama mmoja. Nikamweleza, ndugu yake akiwa kando, kwamba kesho nitakwenda Kajiado kusema ukweli wote, pamoja na sahihi zangu.

"Basi umenifunga," akasema.

"Labda."

Akakisugua kiganja chake chenye malengelenge. "Sawa tu. Ndani si mbaya vile, mwalimu. Unainamisha kichwa, siku inaisha. Hapa shemeji yangu anapita na punda ya maji, ananiona nachimba. Watoto wananiita fundi na mimi ni mwizi. Nani alikuambia hapa ni rahisi?"

Nimewasikia wengi, wakiwemo wasomi wenzangu, wakisema kwamba kifungo cha nje ni kumbembeleza mhalifu. Hawakuwahi kusimama pale. Wengine huniuliza kama mtu yule hakuiba tena maishani. Nawajibu kwamba nitawaeleza siku watakapoliuliza gereza swali hilohilo kuhusu kila mtu linayemfungulia lango.

"Saa kumi na mbili, kando ya barabara," nikamwambia. "Usipokuja, nitasema peke yangu."

Akatazama viatu vyangu. Ndugu yake ndiye aliyejibu: "Tutakuja."

"Yeye," nikasema. "Namtaka yeye." Jioni hiyo sikutia sahihi katika daftari.

Asubuhi walikuja wote wawili, koti likiwa limerudi kwa mwenyewe. Tulifika Kajiado mahakama ikifunguliwa, tukaketi benchi moja. Karani alipoliita jina la mshtakiwa, wote wawili walisimama. Watu wakaangua kicheko. Nikamvuta shati yule asiyehusika mpaka akaketi, akininong'oneza, "Lakini kosa ni la nyumba."

Kisha nikasimama mimi, kabla hakimu hajaniita.

"Mheshimiwa, mimi ndiye msimamizi wake. Sahihi zilizo katika daftari hili ni zangu. Tatu za mwisho ni za uongo: siku hizo alichimba ndugu yake, na ile ya mwisho niliitia nikijua. Naomba siku hizo tatu zifutwe azifanye upya kwa mikono yake mwenyewe, nami nichukuliwe hatua inayonistahili. Ninachoomba asifanyiwe ni kimoja tu. Asirudishwe kule alikofundishwa."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikatembea hadi mbele, nikaliweka daftari juu ya meza ya karani likiwa wazi kwenye ukurasa ule, nikarudi nikasimama karibu na mshtakiwa.